Mtambo Namba Kumi na Saba Ulikuwa Unagonga

Wenzangu wa karakana na wa ukumbi wa kufuma,

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nami nikasema maneno manne tu, kwa sababu nilikuwa naona chai inapoa na sambusa zinaisha upande wa watu wa ofisini. Baadaye yule binti anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi akaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu, ili ninyi mliokuja juzi mjue kiwanda hiki kilikotoka. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Cheo nilipanda mara moja na kushuka mara moja, na hilo la kushuka ndilo nitakalosimulia. Mambo ya mshahara muulizeni mke wangu.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya sabini, Rais mpya akiwa bado mpya na picha yake ukutani pale getini ikiwa bado inang'aa. Nilitoka kwetu Lugari nikaja hapa Eldoret na cheti cha ufundi, viatu vya kuazima, na imani kubwa kwamba mtu akifanya kazi kwa bidii, akilala mapema na kwenda kanisani, mambo yake yatanyooka. Imani hiyo ninayo mpaka leo, ingawa nimeona mengine yakipinda. Mlango wa ukumbi wa kufuma ulipofunguliwa, kelele zilinigonga kifuani. Mitambo zaidi ya mia, na kila mmoja ulikuwa na kile kibao cha uzi chenye ncha za chuma, kinapigwa kulia, kinapigwa kushoto, kutwa nzima. Mitambo yenu ya sasa inapuliza uzi kwa hewa na bado mnalalamika. Nilimwona mwenyeji wangu akifungua na kufunga mdomo, nikadhani anatafuna muwa. Kumbe alikuwa ananipa maagizo, na yalikuwa yamekwisha.

Mwenyeji huyo alikuwa Mzee Okoth, fundi mkuu, mtu mfupi aliyevaa tai chini ya ovaroli. Ndiye aliyenifundisha kazi. Chombo chake kikuu hakikuwa spana wala nyundo. Kilikuwa bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Aliweka ncha yake kwenye mwili wa mtambo na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, na mtambo ukamweleza unaumwa wapi. Beringi kavu inalia. Mkanda uliolegea unasugua. Bolti iliyolegea inagonga. Ilinichukua karibu miaka miwili kuyatofautisha hayo matatu, na Mzee Okoth hakunipa hongera, alinipa bisibisi yake ya zamani. Alisema fundi anayekimbilia spana kabla ya kusikiliza ni mharibifu aliyevaa ovaroli.

Tulipewa pamba ya kuziba masikio. Wanawake waliitumia. Sisi mafundi tuliona ni mambo ya watoto, na tena tulisema ukiziba masikio utausikiaje mtambo? Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia, na nitawaonyesha ulikofika.

Sasa, katika kelele zile watu walizungumzaje? Kwa midomo. Baada ya miezi sita kila mfumaji alikuwa anaweza kusoma mdomo wa mwenzake aliye mitambo minane mbali. Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu maneno yake mengi yanaishia mdomo ukiwa wazi. Kiingereza kinamezwa, huwezi kukisoma vizuri. Ungetembelea nyumba zetu kule mtaa wa Huruma ungeona watu wa kiwanda wanasengenya dirisha kwa dirisha bila sauti, na kanisani ilikuwa shida kubwa. Mara moja dada wawili wa kwaya walijadili kofia ya mke wa mchungaji katikati ya mahubiri, kimya kabisa, wakasahau kwamba safu nzima ya wazee wa kanisa walikuwa watu wa kiwanda. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee hao. Niliwaonya, baada ya kuitazama kofia yenyewe.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa mambo ya zamani, na sijabadilika. Kadi ya chama, kile kimoja tulichokuwa nacho nchini, ilikaa mfukoni mwangu pamoja na kadi ya kanisa. Niliamini mkubwa aheshimiwe, kazi ifanywe, na mtu asingoje serikali imfungie kamba za viatu. Mgomo sikuupenda hata siku moja. Shule zilipoanza kugawa maziwa, yale ya pakiti za pembetatu, niliwaambia watoto wangu kwamba baba yao ana mikono miwili na hawahitaji maziwa ya bure. Waliniitikia vizuri, wakaenda wakayanywa, na yule wa pili alikuwa anakunywa na ya mgonjwa yeyote aliyekosa kufika.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Mama Wambui. Wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, mumewe alikuwa na shamba dogo la viazi kule mbali Plateau, nje ya mji, na yeye alisimamia mitambo minne, namba kumi na nne hadi kumi na saba. Alikuwa mfumaji bora kuliko wote niliowahi kuwahudumia. Anafunga uzi uliokatika huku anakutazama usoni. Ilipoanza minong'ono ya vyama vingi, Mama Wambui aliikumbatia kabisa. Maneno ambayo nje ya ukumbi yangemfikisha mtu pabaya, yeye aliyasema kwa midomo juu ya mtambo unaounguruma, nami nikamjibu, na hakuna askari angeweza kuyasikia. Nilimwambia vyama viwili ni ugomvi wa pande mbili. Siku moja akanijibu hivi:

"Fundi, wewe kila siku unasema watu washindane, mvivu abaki nyuma. Mbona chama yako inaogopa kushindana?"

Nilienda nikapaka grisi mtambo ambao haukuhitaji grisi.

Katikati ya miaka ya themanini tukaletewa meneja mpya, mtu wa mpangilio, anakaa mtaa wa West Indies hapa mjini na anafika kazini kabla ya mlinzi kufungua lango. Alijenga ofisi ya vioo juu ya ukumbi ili awe anatuona sisi sote. Hakuna aliyemwambia kwamba na sisi tulikuwa tunamwona, mpaka midomo. Ofisi ile ilikuwa gazeti la kiwanda. Tulijua nani anahamishwa, nani ameombewa likizo, na mke wa meneja amemkasirikia kwa sababu gani. Mimi sikusoma. Niliona ni sawa na kufungua barua ya mwenzako, kwa hiyo nilifanya kazi nikiwa nimekipa kioo mgongo. Mama Wambui alinicheka. Alisema nina heshima nyingi mpaka shingo imekauka.

Masikio yangu yaliondoka polepole, nami nikawa wa mwisho kujua. Jioni moja tulikuwa tumekaa mezani, nikamwambia mke wangu Selina kwamba mwaka huu mvua imechelewa. Akanitazama. Akainuka, akanishika mkono, akanifungulia mlango. Mvua ilikuwa inamwagika juu ya mabati, zile mvua zetu za Eldoret zinazokatiza maongezi nyumba nzima, na mimi sikuwa nimesikia hata tone. Tulisimama pale mlangoni tumeshikana mikono. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kanuni ya kiwanda ilikuwa wazi. Fundi wa mitambo lazima asikie, na asiyesikia anatolewa. Kila mwaka muuguzi wa zahanati alitupima kwa kutunong'onezea namba. Kwa bahati yangu alikaa mbele yangu, na hakuwahi kufunika mdomo. Mwaka mmoja aliandika kwenye faili yangu kwamba masikio ni bora sana. Kwenye mitambo nilijisaidia kwa kiganja, kwa kutetemeka kwa mpini, na kwa uzoefu wa kujua kila mtambo una tabia gani. Selina aliniambia niende kwa meneja niseme. Nilimjibu kwamba mwanamume habebi shida zake ofisini. Watoto walikuwa bado shuleni, na bisibisi ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote.

Kisha ikaja oda ya kitambaa cha sare za vikundi vya nyimbo vya tawi la chama, cha kuvaliwa siku kuu. Mwenyekiti wa tawi alikuja mwenyewe kukagua nyuzi, kana kwamba alizijua. Kazi ikapewa mitambo ya Mama Wambui kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatoa kitambaa safi kuliko yote. Hakukataa. Aliniambia uzi hauna chama.

Jumatatu akainua mkono kuniita. Akasema namba kumi na saba inagonga, upande wa kushoto. Niliweka bisibisi, nikafumba macho kama Mzee Okoth, nikangoja. Hakuna nilichosikia, lakini miaka hiyo hakuna nilichokuwa nasikia popote. Nikamwambia mtambo ni mzima, nikatia sahihi kwenye kadi yake. Jumanne akaniita tena, nikatia sahihi tena. Jumatano akaniita mara ya tatu, na wafumaji wa karibu walikuwa wanatutazama. Hapo nikaudhika. Mtu anayeficha jambo huudhika upesi.

"Mama Wambui," nikamwambia, "wewe siku hizi unasikia siasa hata kwenye chuma."

Nikatia sahihi ya tatu, naye akarudi kwenye nyuzi zake. Mfumaji hakuruhusiwa kuzima mtambo ambao fundi ameshasema ni mzima. Kwa hiyo aliendelea kufuma.

Alhamisi kitambaa kilipitishwa kwenye meza ya taa, na marobota yote ya mtambo namba kumi na saba yalikuwa na mstari mwembamba wa nyuzi zilizokwaruzwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikivuta kidogo kinapasuka. Kabla ya saa sita mwenyekiti wa tawi alikuwa ameingia ofisi ya vioo.

Mimi nilikuwa nimekipa kioo mgongo kama kawaida yangu. Kilichonishtua ni mikono ya wafumaji. Ilikuwa imesimama. Nyuso zote zilitazama juu, kisha zikamgeukia Mama Wambui, kisha zikanigeukia mimi. Mama Wambui alikuwa ameshika uzi uliokatika na hakuwa anaufunga. Basi kwa mara ya kwanza tangu vioo vile viwekwe, nikageuka nikasoma.

Mwenyekiti alikuwa anasema, "Ni yule mama wa vyama vingi. Amefanya makusudi."

Meneja alishika kadi ya mtambo. Alisema fundi ametia sahihi siku tatu mfululizo kwamba mtambo ni mzima.

"Basi shida ni mama," akasema mwenyekiti. "Fundi ni mtu wetu. Huyo mama aende leo, na jina lake nitalipeleka mbele."

Miaka ile kila mtu alijua jina likipelekwa mbele maana yake nini: askari mlangoni usiku. Meneja akatikisa kichwa kukubali, taratibu, huku anaitazama kadi.

Ingekuwa rahisi sana, wenzangu. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Nilihitaji kuendelea na kazi tu, na sahihi zangu tatu kwenye kadi zingesema zenyewe. Nilikwenda namba kumi na saba, nikaweka kiganja upande wa kushoto, nikakibana sana, jambo nililopaswa kulifanya Jumatatu kama si kiburi. Ilikuwa inagonga. Niliihisi mpaka kwenye kiwiko. Nikazima mtambo, nikaingiza mkono, na bolti yenye unene wa kidole gumba ikatoka bila spana.

Nilipanda ngazi nikiwa nayo mkononi. Niliona aibu, na nilikuwa nawaza watoto. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nimewahubiria watu wa ukumbi ule kwamba kila mtu abebe mzigo wake, na sasa wangu ulikuwa umetwikwa mwanamke niliyemtukana jana yake. Kama ningerudi chini, sijui ningesema nini tena kanisani.

Niliweka bolti juu ya meza.

"Bwana Meneja, huyu mama hana makosa. Mtambo ulikuwa unagonga. Aliniita mara tatu."

"Na ukatia sahihi?"

"Nilitia. Sikusikia. Mimi masikio yangu yamekwisha."

Mwenyekiti akacheka, na hakucheka kwa ubaya. Aliniwekea mkono begani, akasema ninajitwisha dhambi za wengine kwa sababu ya uzee wa kanisa. Akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu wetu. Rudi chini, hii maneno imeisha."

"Kama mimi ni mtu wenu," nikamwambia, "basi mtu wenu ndiye ameharibu kitambaa chenu."

Mkono ukaondoka begani. Meneja akageuka akaitazama kalenda ukutani. Nilingoja aseme kitu. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umebadilika, akaniuliza kama nimesikia alichosema. Nikasema hapana. Karani wake alinieleza baadaye kwamba alikuwa amesema kwa sauti kubwa, "Ofisi inaungua, tokeni nje." Karani mwenyewe alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Halafu meneja akauliza swali ambalo sikulitegemea. Kama sisikii, nilijuaje walichokuwa wanazungumza humu ndani? Ningeweza kumdanganya, lakini siku ile nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikuona pa kuachia. Nilimwambia nimeona. Wote wawili wakageuka kwenye kioo. Huko chini wafumaji wote kwa pamoja waliinama kwenye nyuzi zao, upesi mno.

Mwenyekiti aliondoka bila kunywa chai. Angewezaje kupeleka mbele jina la mwanachama wake mwenyewe, mwenye kadi isiyokosa muhuri hata mwaka mmoja? Mama Wambui akabaki kwenye mitambo yake minne, na kitambaa cha sare kikafumwa upya. Mimi niliambiwa kwamba kuanzia Jumatatu nitakuwa ghalani, nikipokea na kutoa marobota. Kuhusu kazi ya ghala hakuna la kuwaandikia, mnaijua, ni rafu na vumbi. Meneja aliweka pazia kwenye vioo, tena la kitambaa chetu wenyewe, na wafanyakazi wakaninunia miezi miwili kwa kuwafungia gazeti. Selina aliposikia yote aliuliza tu nilikuwa nangoja nini. Vyama vingi vilipokuja, nilipigia kura chama changu cha zamani, naye Mama Wambui akapigia chake, na tuliendelea kubishana mpaka siku alipostaafu. Nyinyi vaeni vizibo vya masikio. Mkikataa, mtaishia ghalani kama mimi.

Lakini kuna jambo la Jumamosi, siku mbili baada ya lile la ofisini, na bila hilo nitakuwa nimewadanganya kidogo. Mama Wambui hakuwa amenitazama tangu Alhamisi. Watu walinisifu, nami nilikuwa nimeanza kufurahia sifa. Kukiri mbele ya wakubwa kulikuwa kugumu, ila kulikuwa na meza na kiti, na ukimaliza unashuka ngazi. Yeye sikuwa nimemwambia lolote. Nililelewa kwamba mwanamume hamwombi mwanamke msamaha mbele za watu, na kwa miaka mingi niliona hiyo ni heshima.

Jumamosi mitambo huzimwa adhuhuri kwa ajili ya usafi. Nilimkuta anafagia pamba chini ya namba kumi na saba. Nilisogea karibu sana, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, ya watu wawili tu:

"Mama Wambui, uliniita mara tatu na mimi nikakudharau mbele ya watu. Nilikosea. Nisamehe."

Nilipoinua kichwa niliona ukumbi mzima umesimama na mifagio mkononi, wote wananitazama. Hata karani alikuwa ametoka juu ya ngazi. Nikakumbuka kwamba mtu asiyesikia hajui sauti yake inaishia wapi. Nilitamani sakafu inimeze. Mama Wambui akajifuta macho kwa upindo wa leso, akanisogelea usoni, akanijibu kwa midomo tu, bila sauti, polepole ili nisikose hata neno moja:

"Nimesikia, Fundi. Hata Plateau wamesikia."